Mzee Cahan na gazeti lililowafundisha wasomaji wake kuliacha

Magazetini niliingia kwa mlango wa nyuma, kama msahihishaji, yule mtu anayebaki usiku na kalamu nyekundu wakati waandishi wenye majina yao wameshaenda zao kula chipsi. Mwaka wangu wa pili nikaacha neno "mshiko" lipite kwenye stori ya dereva wa bodaboda, kwa sababu dereva mwenyewe ndivyo alivyosema, hakusema fedha wala ujira, kasema mshiko. Kesho yake mkubwa wangu akaniita ofisini, gazeti kaliweka mezani, kidole kwenye lile neno, akaniuliza hiki Kiswahili nimekitoa wapi, kijiweni? Nikasema ndiyo mzee. Nikahamishiwa matangazo ya vifo, nikakaa huko miezi minane nikisahihisha majina ya wajukuu na vitukuu, na kiukweli ndiko nilikojifunza kwamba watu wanasoma gazeti, maana ukikosea jina la mjukuu mmoja tu simu inalia saa moja asubuhi.

Nayasema haya ili ujue kwa nini nilivyomkuta Abraham Cahan, mhariri wa gazeti la wahamiaji Wayahudi kule New York, nilimshika nikamng'ang'ania.

Nilimkuta kwa bahati. Kuna wale jamaa wa vitabu vya mitumba pale Posta wanaotandika turubai chini, mtu anachuchumaa anachambua. Nikaokota kimoja kisicho na jalada la mbele, nikasoma aya ya kwanza, inasema jamaa kafika Marekani mwaka 1885 akiwa na senti nne mfukoni na sasa ana zaidi ya dola milioni mbili. Nikasema ahaa, hivi ni vile vitabu vya siri za kutajirika. Nikatoa elfu tatu nikaondoka nacho. Kumbe ni riwaya, inaitwa The Rise of David Levinsky, imetoka 1917, na huyo tajiri ukurasa wa kwanza huohuo anakwambia kwamba akijitazama ndani hajisikii kama amepata kitu. Siri za kutajirika sikupata. Nilipata mhariri wa gazeti aliyekufa mwaka 1951 ambaye nimekuwa nikigombana naye kichwani tangu siku hiyo.

Sasa tumweke mahali pake. Cahan alizaliwa Julai 1860 kwenye kijiji karibu na mji wa Vilna, leo ni Lithuania, enzi hizo ilikuwa chini ya Urusi. Babu yake rabi, baba yake mwalimu, na yeye alitarajiwa afuate njia hiyohiyo ya kusoma Talmudi, vile vitabu vya sheria za dini ya Kiyahudi. Lakini mtoto akajipeleka maktaba ya umma ya Vilna akajifundisha Kirusi mwenyewe, na ukishajifundisha Kirusi miaka ile unakutana na vitabu vilivyopigwa marufuku, na ukikutana navyo unakutana na vijana wa mapinduzi. Akasomea ualimu chuo cha serikali, akamaliza 1881, mwaka uleule ambao Mfalme Alexander II aliuawa kwa bomu na polisi wakaanza kupekua kila chumba cha kijana msomi. Cahan akakimbia. Juni 1882 yuko Marekani, hajatimiza miaka 22, na Kiingereza chake ni cha kuokoteza.

Alifanya vibarua viwandani kidogo. Halafu akafanya kitu kilichonifurahisha mno: akaenda kujiandikisha shule ya msingi, akakaa darasani miezi kadhaa na watoto wa miaka kumi na mitatu ili asikie Kiingereza kinavyotamkwa. Mtu mzima na ndevu zake. Baada ya hapo akawa yeye ndiye anayefundisha wahamiaji wenzake Kiingereza usiku.

Kabla sijaendelea lazima niseme kuhusu Kiyidi, maana bila hicho stori yote haieleweki. Kiyidi ndiyo lugha waliyokuwa wakiongea Wayahudi wa Ulaya Mashariki nyumbani, sokoni, kwenye ugomvi na kwenye kubembeleza mtoto. Mifupa yake ni ya Kijerumani cha zamani, ndani yake kuna maneno chungu nzima ya Kiebrania na ya Kislavoni, yaani ukoo wa Kirusi na Kipolandi, na kinaandikwa kwa herufi za Kiebrania kutoka kulia kwenda kushoto. Msomaji wa Lamu au Mombasa hapo anatabasamu, maana anajua Mwana Kupona aliandika utendi wake kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto vilevile, na anajua pia ile kauli tuliyoambiwa miaka na miaka kwamba lugha yetu siyo lugha, ni mchanganyiko tu. Kiyidi kilitukanwa hivyohivyo, tena na wenyewe. Wasomi wao walikiita "jargon", lugha ya wanawake na wachukuzi, mtu mwenye heshima zake aandike Kiebrania au Kirusi. Mwandishi mkubwa wa kwanza wa zama mpya, Mendele, alipoanza kuandika hadithi kwa Kiyidi mwaka 1864 alijificha nyuma ya jina la muuza vitabu anayetembeza. Na aliyependwa kuliko wote akajiita Sholem Aleichem, ambayo wala huhitaji mtu akutafsirie, ni ileile salaam alaikum unayopigiwa hodi nayo. Alipofariki New York mwaka 1916 watu zaidi ya laki moja walijaa barabarani kumzika, na huyo alikuwa mtu wa kuandika hadithi tu jamani, wala hakuwa na cheo.

Basi kiangazi kilekile cha 1882 Cahan kahudhuria mkutano wa wasoshalisti wa Kiyahudi New York, na hotuba zote zinatolewa kwa Kirusi na Kijerumani. Waliokaa chini ni mafundi cherehani. Akauliza, kwa nini msiongee nao kwa Kiyidi? Wakacheka, walidhani anatania. Haukupita muda akaitoa yeye mwenyewe hotuba hiyo, na inahesabiwa kuwa hotuba ya kwanza ya kisoshalisti kwa Kiyidi nchini Marekani. Kicheko kile mimi nakijua. Ndicho kicheko cha "umekitoa kijiweni?"

Aprili 22, 1897 gazeti la Forverts, maana yake Mbele, likaanzishwa na kundi la wasoshalisti waliokuwa wamegombana na wasoshalisti wengine (hawa watu na kugombana ni damu moja). Cahan akawa mhariri, na miezi michache tu baadaye kabwaga manyanga. Sababu ni kwamba wenzake walitaka gazeti la chama, kila ukurasa uwe hotuba, kila hotuba impige mpinzani, na yeye anataka gazeti ambalo mama anaweza kulisoma huku supu iko jikoni. Hawakuelewana, akaondoka.

Miaka iliyofuata ndiyo chuo chake halisi. Alipata kazi kwenye gazeti la Kiingereza, Commercial Advertiser, chini ya Lincoln Steffens, mhariri aliyetaka waandishi wanaoandika na siyo wanaojaza nafasi. Kazi ya Cahan ilikuwa polisi, mahakama, ajali za moto, mauaji, ndoa zilizovunjika. Huko alijifunza kwamba maisha ya mtu mmoja kwenye ngazi za jengo chafu yana habari kuliko azimio la kongamano. Na huku anawasumbua wenzake chumba kizima cha habari na mabishano juu ya Tolstoy, yule mwandishi wa Kirusi, na uhalisia, mpaka Steffens akaja kuyasimulia kwenye kitabu cha maisha yake. Mwenzake mmoja, Hutchins Hapgood, akachukuliwa na Cahan akazungushwa mikahawa na kumbi za maigizo za Wayahudi, na matokeo yake ni kitabu The Spirit of the Ghetto cha 1902. Kwa hiyo kama unauliza nani aliwafungulia Wamarekani mlango wa fasihi ya Kiyidi, mlinzi wa mlango alikuwa ripota wa polisi.

Na wakati huo alikuwa tayari ana riwaya. Yekl ilitoka 1896. William Dean Howells, aliyekuwa mtu mzito kuliko wote kwenye riwaya za Marekani siku hizo, ndiye aliyemsukuma aandike na akampigia debe gazetini, akamweka pamoja na mwandishi mwingine kijana, Stephen Crane. Hadithi yenyewe fupi. Jake kaacha mke na mtoto Urusi, New York anashona nguo mchana na usiku yuko kwenye ukumbi wa dansi, kila mtu anajua ni bachela. Siku mke anashuka melini, Gitl, na wigi lake la mwanamke wa Kiyahudi aliyeolewa, Jake anamtazama anaona aibu. Mwisho ni talaka. Kwetu hadithi hii tumeisikia mara ngapi? Mwanaume wa Kariakoo mwenye mke kijijini, mke anakuja na beseni lake kichwani kituo cha mabasi, na jamaa anaangalia pembeni kama hamjui.

Lakini kilichonikamata siyo talaka. Ni uchapaji. Wahusika wa Yekl wanaongea Kiyidi, na Cahan anakileta Kiyidi chao kama Kiingereza safi kabisa, kilichonyooka, chenye heshima. Ila kila wanapochomeka neno la Kiingereza ndani ya Kiyidi chao, hilo neno analichapa kwa herufi za mlalo, limevunjikavunjika kama lilivyotoka mdomoni. Umeona alichofanya? Msomaji wa Kiingereza anafungua kitabu na anakuta lugha yake mwenyewe ndiyo inayoonekana ngeni, ndiyo iliyolala upande kama mlevi, na lugha ya wale "wachafu wa mtaani" ndiyo iliyosimama wima. Mimi msahihishaji nilisimama na kitabu mkononi nikatamani kumpigia mtu simu saa tano usiku.

Cahan akarudi Forverts 1902, akaondoka tena, na 1903 akarudi kwa masharti kwamba yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Hakutoka tena mpaka anakufa.

Mwaka huohuo wa 1903, niweke hili kando kidogo maana linatuhusu. Aprili kulikuwa na mauaji ya Wayahudi Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, watu 49 wakafa, na mwezi Agosti mkutano wa Wazayuni, wale waliotaka Wayahudi wapate nchi yao, uko Basel, Uswisi, wanapiga kura juu ya ofa ya Waingereza: ardhi ya Uasin Gishu, ndiyo, huko Eldoret wanakotoka wakimbiaji wa mbio ndefu, iwe makazi ya Wayahudi. Waliita mpango wa Uganda ingawa sehemu yenyewe leo ni Kenya. Kura 295 kwa 178 zikasema tutume watu wakaangalie, watu wakaenda, na 1905 wakaachana nao. Wenye ng'ombe wao pale hakuna aliyewauliza. Cahan wakati huo hakuwa na habari na Uzayuni kabisa, kwake jibu la Kishinev lilikuwa New York, na New York maana yake gazeti.

Sasa gazeti lenyewe. Kitu cha kwanza alichokivamia ni lugha. Waandishi wa Kiyidi walikuwa na ugonjwa wa kukijaza Kijerumani ili kionekane cha kisomi, yaani kama vile sisi mtu akitaka kuonekana msomi anavyorundika "kwa mujibu wa" na "hali kadhalika" hadi msomaji anakosa hewa. Cahan akafyeka. Andikeni wanavyoongea mtaani. Na mtaani New York Kiyidi kilikuwa kimeshameza bosi, shopu, peidei, akayaruhusu yote. Kulikuwa hata na neno olraytnik, limetokana na "all right" ya Kiingereza likapewa mkia wa Kislavoni, maana yake yule aliyefanikiwa halafu akajisahau. Sisi tunaye mbenzi. Ni neno la ukoo mmoja, dharau na wivu kwenye sufuria moja.

Wenye lugha yao wakapiga kelele. Walisema anakiua Kiyidi, anakifanya uji. Gazeti shindani, Der Tog, lilipoanza 1914 lilijivunia kuwa ndilo la wasomi, na mhakiki mkubwa kuliko wote wa fasihi ya Kiyidi, Shmuel Niger, akaandika humo kwa miaka mingi sana. Ukitaka uhakiki wa kina juu ya mashairi unamsoma Niger. Lakini nakala laki mbili na zaidi kwa siku miaka ya 1920 zilikuwa za Cahan.

Kuna ile ya leso. Aliandika kuwahimiza akina mama wawape watoto wao kitambaa cha kufutia kamasi wakienda shule. Wenzake wakaja juu, leso na usoshalisti vinahusiana vipi? Akawajibu kwa swali, tangu lini usoshalisti umekataza pua safi? Mwaka 1903 baba mmoja aliandika analalamika mwanawe anashinda kwenye besiboli, mchezo gani huu wa wapuuzi, na Cahan akamjibu mwache acheze na acheze vizuri, mradi asiache shule. Mwaka 1909 gazeti likachora kabisa mchoro wa uwanja na kueleza kwa Kiyidi besiboli inachezwaje. Mimi mpaka leo besiboli sijaielewa na ningelipia kuuona huo ukurasa.

Halafu Januari 1906 ikaja safu ya Bintel Brief, fungu la barua. Wasomaji wa Kiswahili tunaijua aina hii, ni safu ya shangazi, ile ambayo kila mtu anasema haisomi na kila mtu anaanza nayo. Mwanzoni Cahan alijibu mwenyewe. Moja ya barua za mwaka huo imenikaa. Mama maskini anaandika kwamba saa ya familia imepotea, na saa ile ndiyo ilikuwa inawalisha, maana kazi ikikosekana wanaiweka rehani na kazi ikirudi wanaikomboa. Anamjua aliyeichukua, ni jirani yake, maskini kama yeye. Hataki ugomvi wala polisi. Anaomba tu jirani amtumie kwa posta ile risiti ya rehani, wala asione haya, urafiki wao utabaki vilevile. Ukimpa mwandishi wa riwaya mwaka mzima hataweza kutunga kitu kama hicho, na Cahan alilijua hilo. Alisema wazi anachotafuta kwenye barua ni maisha yenyewe, na riwaya nyingi zinahangaika kuyapata hayo hayo.

Gazeti lilikuwa pia na ukurasa wa picha za waume waliotoroka, Galeria ya Wanaume Waliopotea, sura zao zimepangwa mistari kama wezi. Mke anapeleka picha, msomaji Chicago anaona sura, anasema ala, si huyu aliyepanga chumba kwa jirani? Kina Jake wa kweli walikuwa mamia. Sijui magazeti yetu yangedumu wiki ngapi na ukurasa kama huo.

Na katikati ya hayo yote, ndio kiini cha jambo, ilikuwa fasihi. Kurasa zilezile za leso na waume waliotoroka zilibeba riwaya kwa mfululizo, kila siku kipande. Mwandishi wa riwaya Sholem Asch alichapwa humo miaka na miaka. Israel Joshua Singer alitoa humo Yoshe Kalb mwaka 1932 na ikapandishwa jukwaani mwaka huohuo. Fundi wa vifungo alikuwa anasoma kwenye treni ya asubuhi kile ambacho leo kinasomwa vyuo vikuu na tanbihi chini. Vitabu vilikuja baadaye, fasihi yenyewe iliishi ndani ya gazeti la senti chache linalofungiwa samaki jioni. Na mwenye gazeti ndiye mhakiki, ndiye mwajiri, ndiye mwandishi mwenza, na hapo ndipo Mzee Cahan ananichefua, maana mamlaka yote hayo yakikaa kwa mtu mmoja anageuka chifu. Asch alipoandika riwaya juu ya Yesu, ikatoka kwa Kiingereza 1939 kama The Nazarene, Cahan hakukataa tu kuichapa, alimwandama hadharani, akaandika kitabu kizima cha kumshambulia, kimetoka 1941. Unaweza kusema ulikuwa wakati mbaya wa Myahudi kuandika hivyo, Hitler yuko Ulaya. Sawa. Lakini mzee mwenye miaka 80 kutumia gazeti zima kumfungia mtu riziki, hapana, hapo simtetei. Yule kijana aliyechekwa 1882 alikuwa sasa ndiye mwenye kidole juu ya meza.

Nirudi kwa Levinsky, maana ndiko ugomvi wangu naye uliko.

Jarida la McClure's lilimwomba Cahan makala juu ya mafanikio ya Wayahudi kwenye biashara, zikatoka 1913, na badala ya makala za takwimu akawapa hadithi, akaikuza ikawa riwaya ya 1917. Levinsky ni yatima kutoka mji wa kubuni, alikuwa mwanafunzi wa Talmudi, mama yake ameuawa kwa kumpigania yeye. New York anakuwa tajiri wa viwanda vya makoti kwa kubana mishahara ya mafundi waliotoka kwao hukohuko. Ana pesa, hana mke, hana mtoto, na mwisho kabisa anasema yule kijana maskini aliyekuwa anayumbayumba juu ya kitabu cha Talmudi anafanana naye zaidi kuliko huyu tajiri. Wengi wanaihesabu kuwa riwaya kubwa ya kwanza ya wahamiaji Wayahudi nchini Marekani, na mimi nadhani ni kitabu cha mtu anayejishtaki. Kwa sababu tazama: Cahan naye alikuwa mwanafunzi wa Talmudi, naye hakuwa na mtoto, naye alijenga ufalme, jengo la ghorofa kumi East Broadway, 1912, na nyuso za Marx na Engels zimechongwa mbele. Na kitabu chake kikubwa kuliko vyote, cha kumtoa moyoni, alikiandika kwa Kiingereza. Siyo kwa Kiyidi. Mtetezi wa lugha ya mtaani alipotaka kuungama alikwenda kuungama kwa lugha ya shule ya msingi ile. Na baada ya hapo hakuandika riwaya nyingine hata moja, ingawa alikuwa na miaka zaidi ya thelathini mbele yake. Kumbukumbu za maisha yake, juzuu tano, hizo ndiyo akaziandika kwa Kiyidi.

Hapo zamani nilikuwa nashangaa. Siku hizi naona ni jambo moja tu. Cahan hakuwahi kuamini kwamba Kiyidi kitadumu Marekani, na hakuona haja ya kukilinda. Kwake lugha ilikuwa daraja, watu wavuke. Kila kitu ndani ya gazeti kilikuwa kinamvusha mtu: jifunze Kiingereza, chukua uraia, mwache mtoto acheze besiboli, mpeleke chuo. Mtoto akaenda chuo. Akarudi hasomi Forverts. Gazeti lilifanya kazi yake vizuri mno hadi likawa linakata tawi lililokalia. Mwaka 1924 Marekani ikafunga mlango wa wahamiaji kwa sheria iliyowekea kila nchi idadi ya watu wake wanaoruhusiwa kuingia, kwa hiyo hakuna wasomaji wapya wanaoshuka melini. Na kule walikobaki, kati ya Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi takriban milioni tano walikuwa wazungumzaji wa Kiyidi. Cahan alikuwa amejenga daraja akitegemea kwamba ng'ambo ile kijiji kitakuwepo siku zote.

Aliyebaki kuwahudumia waliobaki ni mdogo wake Israel Joshua, Isaac Bashevis Singer. Alifika New York 1935 kwa msaada wa kaka yake, kaka ambaye Cahan alimpenda zaidi, na riwaya ya kwanza aliyoitoa Forverts kwa mfululizo yeye mwenyewe aliihesabu imeharibika. Akakaa miaka bila kuandika hadithi ya maana. Akaishi kwa makala. Riwaya alizitia saini Bashevis, jina alilolitoa kwa mama yake, makala Varshavski, yaani mtu wa Warsaw, na vile viporo vya kujaza ukurasa D. Segal, watu watatu kwa mshahara wa mmoja. Simulizi zake za mahakama ya baba yake, rabi wa mtaa wa Krochmalna, zilianza kama kazi ya Varshavski, makala tu za gazeti, leo ni kitabu In My Father's Court. Mwandishi Saul Bellow alitafsiri kwa Kiingereza hadithi yake ya Gimpel mpumbavu mwaka 1953, dunia ikamjua, na 1978 akapewa Nobel akiwa bado anapeleka vipande Forverts. Kwenye hotuba yake Stockholm akasema watu humuuliza kwa nini anaandika lugha inayokufa. Akajibu kwamba anapenda hadithi za mizimu, na mizimu inapenda Kiyidi, anavyojua yeye yote inakiongea.

Forverts likawa la kila wiki 1983, na 2019 karatasi ikakoma, sasa liko mtandaoni. Jengo la East Broadway ni nyumba za kuishi za watu wenye pesa, jina la gazeti bado liko juu kwa herufi za Kiebrania. Kina olraytnik wanalala humo.

Juzi nikawa nimekaa na hicho kitabu changu kisicho na jalada, simu ikaita mlio wa meseji, ni binti yangu, yuko chuo mwaka wa pili. "Baba niko fresh, leo nina presentation so nitachelewa, usiniwait kwenye msosi, love u." Nikachukua kalamu ya risasi, mazoea ya kazi, nikaikopi kwenye karatasi nikaanza kupigia mstari yale maneno ambayo Mzee Cahan angeyalaza. Fresh. Presentation. So. Hilo "usiniwait" likanishinda, nilijaribu kulaza kati tu, u-si-ni ibaki wima na mkia ulale, likaonekana kama mtu aliyevunjika kiuno. Na "msosi" hilo nikaliacha limesimama, kwa roho safi, japo namjua mtu ambaye angelipigia kalamu nyekundu.

Nikamjibu "oke, kuku wako nakuwekea." Halafu nikaitazama ile oke.